Fundi Kwanza, Kompyuta Baadaye

Imeenea miongoni mwa wapenzi wa magari, kutoka Nairobi hadi Mombasa na kuvuka mpaka kufikia Tanga na Dar es Salaam, itikadi moja inayosemwa kwa yakini kana kwamba haihitaji burhani: kwamba gari la Kijapani la miaka ya tisini, likishabadilishwa tabo, nozeli na ekzosi, halina budi kutiwa kompyuta mpya ya injini, na kwamba kadiri kompyuta hiyo inavyozidi kuwa ghali na mashuhuri ndivyo gari litakavyozidi nguvu. Nusu ya kwanza ya maneno haya ina ukweli ndani yake, na ukweli huo ndio unaoipa nusu ya pili heshima isiyoistahiki. Ni hiyo nusu ya pili ninayotaka kuipinga hapa, tena bila ya kulegeza ulimi, kwa kuwa imekwisha kula akiba za watu wasio na uwezo wa kupoteza akiba, na pamoja na akiba hizo imekula pistoni, beringi na gasketi za silinda hedi zisizo na idadi.

Na tuanze na kazi yenyewe ya chombo hiki. Kompyuta ya injini haina petroli ndani yake wala hewa, na nguvu ya injini haitokani na kitu kingine ila hewa na petroli vikutane kwa kiasi kinachofaa na viwashwe kwa wakati unaofaa. Kompyuta husoma mzunguko wa krenki, mgandamizo wa hewa, joto la maji na la hewa, na jinsi dereva alivyokanyaga mafuta. Kisha huamrisha mambo mawili makubwa, nayo ni muda wa nozeli kuwa wazi na wakati wa cheche kuruka katika plagi. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila silinda hupata sehemu 20 tu za elfu za sekunde kuvuta hewa, kuibana, kuichoma na kutoa moshi, na nozeli ndogo isiyoweza kupitisha mafuta ya kutosha katika muda huo itakaa wazi wakati wote. Hapo hata kompyuta ya thamani kuliko zote duniani haina la kuiamrisha tena. Lau kama mwenye gari angalinunua nozeli na pampu ya mafuta inayofaa kwa robo ya fedha alizotoa, angalipata kile alichokitafuta.

Itikadi hii haikuzuka hivi hivi. Mwishoni mwa miaka ya themanini watengenezaji wa Japani walielewana wasitangaze gari lenye nguvu ya farasi zaidi ya 280, na kompyuta zao ziliwekewa mpaka wa mwendo wa kilomita 180 kwa saa. Watu waliposikia hayo walitia moyoni kwamba ndani ya kila kisanduku cha kiwanda imefungiwa hazina, na kwamba anayekibadili kisanduku ndiye anayeifungua. Katika baadhi ya magari neno hilo lilikuwa na ukweli wake. Lakini Subaru Impreza WRX, iliyoanza kuuzwa mwaka 1992 ikiwa na nguvu ya farasi 240, ikipata nguvu zaidi huipata kwa kusukumiwa hewa zaidi, na hewa hiyo hutoka katika tabo. Isitoshe, Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi umri wa miaka 8, kwa hiyo Impreza yoyote ya zama hizo unayoiona leo barabarani Mombasa imekwisha kukaa nchini miaka mingi, imepita mikononi mwa wenyewe kadhaa, na waya zake zimekatwa na kuungwa na kila aliyewahi kuifunga redio au king'ora. Gari la namna hii ndilo tunaloambiwa kwamba dawa yake ni kisanduku kipya.

Kuna na wale wanaokwepa gharama kwa njia iliyo mbaya zaidi, na siwezi kuwapita kimya. Huuziwa kidude kinachochomekwa kwenye sensa ya joto la hewa, ambacho kikifunguliwa hakina kitu ndani ila rezista moja ya kuihadaa kompyuta kwamba hewa ni baridi. Au hufungiwa kikompyuta kidogo kinachokaa katikati ya sensa ya hewa na kompyuta ya kiwanda, kikipunguza habari ya hewa inayoingia ili mafuta yapungue, kwa sababu nozeli zilizotiwa ni kubwa mno. Mafuta hupungua kweli. Lakini kompyuta ya kiwanda hutumia habari ile ile kuamua wakati wa cheche, na ikiambiwa kwamba hewa ni kidogo huamini kwamba injini haina mzigo, hivyo huitanguliza cheche. Na cheche iliyotangulia mno, katika injini yenye tabo inayofanya kazi nzito, ndiyo inayoleta ule mlio wa kugonga chuma ambao fundi mwenye masikio huutambua papo hapo. Huo ni uwongo unaosemwa kwa injini, na injini hulipa.

Basi mtu akishayaona haya hukimbilia upande wa pili kabisa, akataka kilicho bora kuliko vyote. Sina neno baya kwa Haltech, iliyoanza Australia mwaka 1986, wala kwa MoTeC iliyoifuata mwaka mmoja baadaye, wala kwa Link ya New Zealand, wala kwa ECUMaster ya Poland. Ni kazi za watu stadi, na ushindi mwingi mashindanoni umepatikana kwa vyombo vyao. Neno langu ni kwa mnunuzi. Kompyuta ya daraja la juu inaweza kuendesha mlango wa hewa wa umeme, kugeuza majira ya kamshafti nne, na kutunza kumbukumbu za sensa nyingi kwa wakati mmoja. Ilhali Impreza ya kwanza huvuta mlango wake wa hewa kwa kebo, na kamshafti zake hazina majira ya kugeuzwa. Mwenye gari hilo amelipa bei inayokaribia thamani ya gari zima kwa milango ambayo nyumba yake haina. Kwa upande mwingine kuna MegaSquirt, iliyobuniwa Marekani na Bowling na Grippo ili mtu ailehemu mwenyewe mezani kwake, na kuna Speeduino, ambayo michoro na programu yake ni wazi kwa kila mtu. Hizi zikifungwa na kutuniwa na mwenye maarifa huiendesha injini ya silinda nne vizuri kuliko kompyuta ghali iliyoachwa na majedwali ya kuanzia ya mafuta na cheche iliyotoka nayo dukani. Majedwali yale yamewekwa ili injini iwake na kwenda mpaka kwenye mashine ya kutunia, basi. Na wengine hawahitaji hata hizo: kompyuta nyingi za kiwanda za miaka ile, hasa za Mitsubishi, huharibika kwa sababu kapasita zake zimezeeka na kuvuja, na fundi wa redio mwenye mkono mtulivu anaweza kuzibadili kwa ujira mdogo.

Nataka sasa nikae kidogo katika jambo moja ambalo kwetu sisi lina uzito kuliko kwa Mjapani au Mwingereza, nalo ni barabara ya kutoka Nairobi kushuka Mombasa. Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa yake ni takriban kilopaskali 83. Mombasa, ufukweni, ni 101. Chukua gari lisilo na tabo lililotuniwa Nairobi kwa kufuata mlango wa hewa peke yake, bila ya sensa ya mgandamizo, kama wafanyavyo baadhi ya mafundi kwa wepesi wa kazi. Likifika Mariakani likiwa linashuka, mguu ule ule wa dereva unaingiza hewa nzito zaidi kuliko ile ya Nairobi, lakini nozeli inafunguka kwa muda ule ule uliopangwa huko juu, na mafuta hayatoshi. Injini inapata joto, inagonga, na dereva akiwa na muziki mkubwa hasikii kitu mpaka moshi uonekane nyuma.

Lenye tabo nalo halikuokoka. Vali ya kawaida ya springi inayozuia msukumo wa tabo usizidi hupima msukumo huo dhidi ya hewa iliyoizunguka, kwa hiyo tabo iliyopangwa kusukuma kilopaskali 100 juu ya hewa ya nje itafika jumla ya 183 Nairobi na 201 Mombasa. Katika jedwali la mafuta na la cheche, safu zilizo juu ya 183 hazikuguswa hata siku moja fundi alipokuwa Nairobi kwenye daino, ile mashine yenye magurudumu ya kupimia nguvu, kwa sababu injini haikufika huko. Zimebaki na nambari za kubahatisha. Gari likishuka pwani, katika joto la Januari, na hewa ya moto ikivutwa ndani, linaingia katika safu hizo zisizo na mwenyewe. Hakuna kompyuta, iwe ya bei yoyote, inayojua kitu ambacho hakuna mtu aliyeiambia. Fundi anayeijua njia hii atazijaza safu zile kwa tahadhari kabla ya gari kutoka karakanani, ataweka kinga ya kuchelewesha cheche hewa inapopata joto, na atamwambia mwenye gari kinaganaga kwamba kazi haijesha mpaka gari lipimwe chini huku. Kadhalika atakataa katakata kutia majedwali yaliyoletwa na rafiki wa rafiki kutoka gari la Japani, ambako petroli ya daraja la juu huuzwa aghalabu ikiwa na okteni 100.

Utamjuaje fundi wa namna hiyo? Mimi humtazama anachokishika kwanza. Asiyejua hufungua laptopu na kuanza kubadili nambari. Ajuaye hufungua boneti, huwasha taa ya kupimia cheche, huielekeza kwenye alama ya puli ya krenki, na kuhakikisha kwamba nyuzi zinazotajwa na kompyuta ndizo zilizopo kwenye chuma. Kisha hupandisha mzunguko wa injini taratibu, akitazama kama alama ile inasogea pasipo kuamrishwa. Sensa ya krenki ya Impreza za mwanzo ni ya sumaku, ina waya mbili zinazobeba ishara, na zikipinduliwa wakati wa kufunga kompyuta mpya gari huwaka na kutembea, lakini wakati wa cheche huhama kadiri mzunguko unavyoongezeka. Kosa hilo la waya mbili limeua injini ambazo wenyewe walilaumu petroli. Baada ya hapo fundi mwema hupima waya za erthi, kwa kuwa hewa yetu ya chumvi huzila zikawa kijani ndani ya plastiki, na hutia ndani ya ekzosi sensa ya kupima mchanganyiko wa mafuta na hewa kwa upana, asitegemee ile ndogo ya kiwanda isiyojua ila kusema mafuta yamezidi au yamepungua.

Nimejibiwa mara nyingi kwamba kompyuta ghali ina kinga: itazima injini mgandamizo wa oili ukianguka, itapunguza msukumo wa tabo mafuta yakipungua, itasikiliza mlio wa kugonga na kuirudisha nyuma cheche. Hoja hii ina insafu, na mwenye injini aliyoijenga upya kwa gharama kubwa afanya vyema kuitaka kinga hiyo. Ila kinga ni nambari nazo. Sensa ya oili sharti ifungwe, kikomo chake sharti kiandikwe, na masikio ya kompyuta sharti yafundishwe kupambanua mlio wa kugonga wenye hatari na kelele za kawaida za injini ya Subaru. Haya yote ni saa za fundi, na mnunuzi aliyemaliza fedha zake kwenye kisanduku hana tena cha kumlipa. Hakuna aendaye kwa mshona kanzu akauliza kwanza jina la cherehani.

Uchaguzi wa kompyuta, kwa hiyo, uwe wa mwisho, na aufanye yule atakayeitunia. Fundi aliyezoea Link kwa miaka mingi atakupa injini salama kwa Link, na ukimlazimisha Haltech kwa sababu umeiona kwenye gari la mtu mashuhuri, unamlipa ili ajifunze juu ya injini yako. Fundi akijua MegaSquirt na gari lako ni la barabarani, ikubali bila ya kuona haya. Na liko jambo moja la kuafikiana kabla ya fedha kutoka mfukoni: wapo wanaoyafunga majedwali kwa neno la siri, wakaondoka mjini au wakagombana na mteja, na mwenye gari akabaki na kompyuta yake mwenyewe asiyoweza kuifungua. Hiyo ni dhulma, nami sioni udhuru wake. Kazi iliyolipiwa ni mali ya aliyelipa.

Wewe uliyekwisha kuweka akiba kwa ajili ya kompyuta, usiitume nje bado. Toa sehemu ya kwanza kwa waya, sensa na pampu ya mafuta, utenge sehemu ya pili kwa ajili ya daino na saa za fundi, kule juu na huku pwani, kisha mpe yeye kilichobaki achague kompyuta. Na utake kwake faili la majedwali, lisilo na neno la siri, siku ile ile unayokabidhiwa ufunguo.