Nyumba za Mji Mkongwe: Tupangishe, Tusiuze

Ndugu wanachama, baada ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitwaliwa na Serikali. Zilizosalia sasa zatutoka kwa mikono yetu wenyewe. Tangu mji kutiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, wenye mali wanazinunua ili wapangishe wageni kwa dola. Hatuwalaumu; biashara ni halali. Twawalaumu warithi wanaouza kwa pupa, kila mmoja akashika fungu lisilojenga hata banda.

Kuta za mawe na chokaa zataka gharama kila masika (Beit al-Ajaib iliporomoka sehemu yake 25 Desemba 2020). Basi warithi wapangishe kwa mkataba wa miaka, matengenezo yawe juu ya mpangaji, na bibi yao abaki na chumba chake cha chini.