Mafuta, Gesi na Uhai wa Samaki



Zinapotajwa habari za mafuta na gesi, wengi wetu wa Mbeya na Iringa huona kuwa hayo ni mambo ya watu wa pwani. Visima vya Songo Songo, ambavyo gesi yake ilianza kutumika Dar es Salaam mwaka 2004, viko mbali na milima yetu. Hata hivyo, dhana hiyo si sahihi. Bomba la TAZAMA, liendalo Ndola nchini Zambia, limepita katika mikoa yetu tangu mwaka 1968. Maji ya Ruaha Mkuu, yanayokusanyika Usangu na kupita Iringa, huingia Rufiji na kufika kwenye mikoko ya delta, ambako samaki na kamba wengi wa bahari hukulia. Na kule Kyela tuna Ziwa Nyasa.

Mara nyingi ubaya wa mafuta yaliyomwagika hupimwa kwa idadi ya mapipa. Kipimo hicho hakitoshi. Mapipa machache yakimwagika penye mazalio ya samaki, katika majira ya kuzaa, yaweza kuleta hasara kubwa kuliko mapipa mengi yaliyomwagika mahali pengine. Kwa sababu hiyo yapasa kuuliza maswali matatu juu ya kila aina ya samaki.

La kwanza: je, mafuta yatamfikia? Mafuta huelea, na mayai ya samaki wengi wa bahari huelea pia. Jodari aweza kukimbia, lakini yai haliwezi. Samaki wachanga wa mikokoni nao hawana pa kwenda, na tope la mikoko hushika mafuta kwa miaka mingi.

La pili: yakimfikia, yatamdhuru kiasi gani? Samaki mkubwa aweza kupona pale ambapo kiinitete ndani ya yai huharibika moyo kwa sumu kidogo tu. Meli ya Exxon Valdez ilipopasuka huko Alaska mwaka 1989, mayai ya samaki aina ya salmoni yaliyotagwa kwenye vijito vilivyochafuliwa yaliendelea kufa kupita kawaida kwa miaka kadhaa, ingawa kwa macho maji yalikwisha kutakata.

La tatu: je, kizazi chake kitarudi? Dagaa huzaa upesi na kwa wingi. Silikanti wa Tanga, samaki wa kale aliyetengewa hifadhi ya bahari mwaka 2009, hukua polepole mno, na wataalamu wamekadiria kuwa hubeba mimba kwa takribani miaka mitano. Wakifa wachache wa namna hiyo, pengo lao halizibiki kwa urahisi.

Sasa tulitazame Ziwa Nyasa kwa maswali hayohayo. Mwaka 2011 Serikali ya Malawi ilitoa leseni ya kutafuta mafuta katika ziwa hilo, na maji hayajui mpaka. Humo mna mamia ya aina za samaki wasiopatikana penginepo duniani, na baadhi yao huishi kwenye miamba ya eneo dogo tu. Mbasa hupanda mitoni kutaga, hivyo mto ukichafuliwa kizazi chake hukatika. Tena ziwa lina mto mmoja tu wa kutokea, yaani Shire, na maji yake mengi hupotea kwa mvuke, ambao hauondoki na mabaki mazito ya mafuta. Bahari yaweza kutawanya uchafu. Ziwa hukaa nao.

Hatusemi kwamba nishati isitafutwe. Nchi inaihitaji. Tunasema kwamba si haki faida iende kwa mmoja na hasara imwangukie mvuvi na mama anayekausha usipa, ambao hawakuulizwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari ifanywe kabla ya mradi, na wananchi washirikishwe. Basi viongozi wa walei wasiende kwenye mikutano hiyo kusaini mahudhurio tu. Waulize: samaki huzaa wapi na miezi gani? Kazi itasimama miezi hiyo? Nani atamlipa mvuvi, na kwa muda gani? Wazee wa uvuvi wa Kyela wanayajua mazalio, nao wasikilizwe.

Nasi tujitazame. Anayetoboa bomba ili aibe mafuta, na fundi anayemwaga oili chafu mtaroni kandokando ya barabara kuu, wanamdhuru samaki yuleyule. Hatutakuwa na uso wa kuyadai makampuni makubwa yatunze maji, iwapo sisi wenyewe tunayachafua kwa debe mojamoja.