Kwa Nini Naanza Upya

Naanza upya kuandika katika ukurasa wangu mwenyewe. Wapo wanaoniona kama mtu anayefungua duka la kaseti zama hizi. Wananiambia kwamba wasomaji wamehamia kwenye makundi ya WhatsApp, kwenye X na kwenye video za dakika moja, nami sina budi kuwafuata huko. Hoja hiyo naikataa, na sababu zangu zinawahusu wengine pia.

Mwaka 2004 Ndesanjo Macha alianzisha Jikomboe, miongoni mwa blogu za mwanzo kabisa za Kiswahili. Jina lenyewe lilikuwa amri. Mwaka uliofuata Muhidin Michuzi akafungua yake, na baada yao tukaja wengi. Kurasa zile zilikuwa na uhuru wa kutohitaji kibali cha mhariri. Tena zilikuwa na nidhamu ambayo leo tumeipoteza: kila makala ilikuwa na jina la mwandishi, tarehe na mahali pa kuipata. Msomaji aliweza kurudi baada ya miaka mitano na kumwambia mwandishi, "Hapa ulisema hivi; leo wasema vile. Tueleze."

Katika kundi la WhatsApp, nani atamwuliza nani? Hoja husambazwa mpaka mwenyewe hajulikani. Inazua hasira asubuhi, na jioni imefukiwa chini ya salamu na matangazo ya misiba. Taifa linalojadili mambo yake namna hiyo hurudia mjadala uleule kila baada ya uchaguzi, likidhani ni mpya.

Swali la nani anamiliki ukumbi wa maneno lilikuwapo kabla ya intaneti. Serikali ya kikoloni ilianzisha Mambo Leo mwaka 1923. Gazeti hilo lilisomwa sana na likakuza waandishi wa Kiswahili, lakini ufunguo wa mlango ulikuwa mkononi mwa serikali. Mwaka 1937 Erica Fiah akaanzisha Kwetu jijini Dar es Salaam. Hakuwa na nguvu ya fedha kama ya serikali. Alichokuwa nacho ni mahali ambapo Mwafrika aliweza kusema bila kupitia kwa mkoloni, na jina la gazeti lilitosha kueleza hayo.

Sisi tumerudi kwenye upangaji. Wenye Google+ walifunga milango kwa watumiaji wa kawaida Aprili 2019, na maandiko ya watu yakafutwa. Mei 2025 X ilizuiwa nchini Tanzania, na waliokuwa wamejenga jukwaa lao lote humo wakabaki nje ya mlango. Mtumai cha ndugu hufa maskini. Sembuse cha tajiri wa California asiyekujua? Ndiyo maana safari hii nina anwani ninayoilipia mwenyewe, na nakala ya kila makala naiweka nyumbani.

Hata hivyo, adui wa ukurasa binafsi si kampuni za kigeni tu. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe shilingi 100,000 za maombi na 1,000,000 za leseni. Adhabu ya kukiuka haikupungua faini ya shilingi 5,000,000 au kifungo cha miezi 12, au vyote viwili. Mwanafunzi anayeishi kwa mkopo wa serikali angezipata wapi fedha hizo? Kurasa nyingi zilifungwa kimyakimya. Baadaye kanuni zilirekebishwa na ada zikapunguzwa, lakini kupunguza bei ya leseni si kujibu swali: kwa nini raia auziwe ruhusa ya kufikiri hadharani?

Tunajibiwa kwamba lazima uongo na matusi vidhibitiwe. Sawa. Sheria za kashfa zipo, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015. Mwenye kumkashifu mwenzake ashtakiwe kwa alichoandika. Leseni humwadhibu mtu kabla hajaandika neno.

Enyi wanafunzi, msiache hoja zenu bora ndani ya simu zitakazoibwa kesho. Ziandikeni kwa ukamilifu, ziwekeeni jina na tarehe, mtunze nakala. Wanaharakati, tamko lisilopatikana baada ya mwaka mmoja halimtishi mtawala yeyote. Nanyi watumishi wa umma mnaoandaa rasimu za kanuni, jiulizeni kama mngependa watoto wenu walipie maoni yao.

Sitarajii wasomaji elfu kwa siku. Hamsini wanaosoma mpaka mwisho, kisha wakanipinga kwa hoja, wananitosha. Karibuni tubishane.