Msiikate Kanda Kabla ya Kuisikiliza



Mwaka 1983 nilikuwa mwanachuo wa ualimu mkoani Tanga, na bwenini kwetu tulikuwa na redio yetu wenyewe. Haikuwa na mnara wala masafa. Ilikuwa redio kaseti ya mwenzetu mmoja, yenye kitufe chekundu cha kunasia sauti, nasi tulikuwa vijana watano tulioizunguka jioni baada ya chakula. Mashairi yetu tulikwisha kuyapeleka kwenye magazeti na kwenye kipindi cha mashairi cha Radio Tanzania. Tulingoja, na tulipochoka kungoja tukajitangazia wenyewe. Kipindi kilianza kwa taarifa ya habari za bweni, kikafuatiwa na malumbano ya mashairi, kikamalizika kwa salamu. Wasikilizaji tulikuwa sisi na yeyote aliyepita mlangoni.

Miaka ile kila kitu kilikuwa adimu. Betri zilipochoka tulizianika juani zipate nguvu kidogo. Kaseti mpya hatukuzimudu, kwa hiyo tulichukua za muziki wa dansi, tukaziba kwa karatasi vile vitundu viwili vya mgongoni ili zikubali kunasa, kisha tukazungumza juu ya muziki. Ndiyo maana hata leo mtangazaji akishaaga, gitaa huchomoza katikati ya wimbo.

Kaseti saba zimesalia katika kopo la biskuti. Tangu mwaka jana, kwa kuwa nimestaafu na muda ninao, ninazihamishia kwenye kompyuta. Kazi yenyewe haina miujiza. Husafisha kichwa cha deki kwa spiriti na pamba, huupeleka utepe mpaka mwisho na kuurudisha ili usigandamane, kisha hucheza upande mzima huku kompyuta ikipokea. Kaseti ya dakika 60 hudai dakika 60. Njia ya mkato hakuna. Nikinasa kwa sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24, njia mbili za sauti, kaseti hiyo huchukua takriban gigabaiti moja, yaani nafasi ndogo sana katika diski za siku hizi.

Nakiri kwamba nilianza vibaya. Nilidhamiria kuhifadhi mashairi peke yake. Kikohozi, kicheko, mabishano, sufuria iliyoanguka, vyote nilivipanga kuvikata, kwa kuwa niliviona kelele. Kilichonizuia ni neno moja.

Mmoja wetu watano, mwenyeji wa Pangani, amekwisha kutangulia mbele ya haki. Mjane wake alinikabidhi karatasi zake nizipange ziwe diwani ndogo. Miongoni mwake limo shairi la fumbo lililojaa ndege: njiwa, kunguru, kasuku. Mshororo mmoja aliuandika hivi: “Mbuni hapewi sifa, sifa apewa kasuku.” Nikahesabu mizani za ukwapi: mbu-ni-ha-pe-wi-si-fa. Saba. Utao una nane. Nikamsikitikia marehemu, nikaona nimsitiri kwa kurekebisha: “Mbuni hajapewa sifa.” Nane kwa nane. Nikaendelea na ukurasa uliofuata, nikijiona mhariri mwema.

Miezi miwili baadaye nikaicheza kaseti ya nne. Nikamsikia mwenyewe akilighani shairi lile. Alipofika pale alifumba midomo juu ya ile m, akaipa pumzi yake kamili, ndipo akaendelea: m-bu-ni. Mizani tatu. Mara sauti moja ikadakia: “Saba hizo! Ukwapi umepwaya!” Naye akajibu akicheka: “Ndege gani huyo, bwana? Huyo ni mtu. Hesabu tena.”

Sauti iliyodakia ni yangu. Kwa miaka arobaini nilikuwa nimelihifadhi pingamizi langu na kulisahau jibu lake.

Wajuzi wa arudhi mmekwisha kuelewa. Mbuni aliye ndege ana mizani mbili, kwa kuwa mb yake ni sauti moja. Mbuni aliye mtu, yule abuniye, ana mizani tatu, kwa kuwa m yake ni kiambishi kinachosimama peke yake. Na mbuni uzaao kahawa ni vivyo hivyo. Maandishi yetu hayawatofautishi. Mshairi alikuwa anasema kwamba mwenye kubuni hasifiwi, anayesifiwa ni mwenye kuiga. Mimi nilimgeuza mbuni wake kuwa ndege, kisha nikaharibu mshororo uliokuwa mzima.

Wahariri wa tendi za kale wanalijua tatizo hili. Katika hati za Kiarabu zilizotumiwa na washairi wa pwani, mara nyingi herufi moja ilibeba b na mb pamoja, na msomaji alitakiwa kuamua. Waliotunga tendi hizo hawako tena wa kuulizwa, wala hawakuacha kanda. Sisi tunazo. Tukizikata kwa haraka tutakuwa tumejitia wenyewe katika dhiki ambayo wazee wetu hawakuwa na namna ya kuikwepa.

Kwa hiyo rai yangu ni hii: anayehamisha kanda za zamani asikate kitu katika nakala ya kwanza. Ahamishe upande mzima, tangu utepe unapoanza hadi unapokwisha, aiite nakala mama, na asiiguse tena. Akitaka kusafisha, asafishe nakala ya pili. Kaseti zetu mbili zilinaswa kwa betri dhaifu, utepe ukaenda polepole, na sasa zikichezwa kwa mwendo wa kawaida tunasikika kama watoto. Nakala ya pili nimeipunguza mwendo mpaka sauti zikawa zetu. Ya kwanza nimeiacha ilivyo, kwa sababu huenda sikio langu nalo limekosea.

Rafiki mmoja ameniambia kwamba kanda hizi zitatuaibisha: walimu wa Kiswahili tunasikika tukichanganya Kisambaa na Kiingereza, na sarufi imelegea. Naona hoja yake, lakini sikubaliani nayo. Hivyo ndivyo wanachuo wa 1983 walivyosema walipokuwa hawasahihishwi na mtu, na atakayetaka kuijua lugha hiyo hataipata katika daftari zetu za mitihani.

Hata hivyo, kuhifadhi si kutangaza. Niliwauliza wenzangu watatu walio hai. Wawili wameridhia. Wa tatu ameomba kipande chake kimoja kisisikilizishwe watu, maana anamtaja msichana ambaye sasa ni bibi wa watu. Ombi lake nimelitii. Kipande kipo, ila kimefungwa.

Nilimpigia simu mjane wa marehemu, nikamweleza nilichokifanya. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Basi mrudishie mwenyewe neno lake, shemeji.” Akaniomba na ile sehemu anayocheka.

Kama mnazo kaseti za namna hii, zitoeni kabatini mwaka huu, wakati bado yupo wa kuwaambia sauti ya nani ni ipi. Andikeni majina, mahali na mwaka, na wekeni nakala katika nyumba mbili tofauti.

Katika muswada wa diwani mshororo umerudi kama ulivyokuwa. Chini yake nimeongeza maelezo ya maneno manne: mbuni hapa ni mtu.