Shakahola si ya Wakristo peke yao

Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, makaburi yalianza kufukuliwa. Manusura walieleza kuwa walihubiriwa wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Miili iliyotolewa ilipindukia 400, wakiwemo watoto wengi.

Wapo waliosema, "Hayo ya Wakristo." Sisi hatukubali. Biharusi anayeambiwa nyota yake imefungwa, alete dhahabu zake za harusi na asimwambie mama, naye ameshaingia njia hiyo hiyo. Qur'ani imetuamrisha tuwaulize wenye elimu. Basi anayekukataza kuuliza mkimbie, awe ameshika msalaba au tasbihi.

Allah atuhifadhi sisi na mabinti zetu. Amin.