Kituo cha Kidijitali Kianzie Kabatini

Ni nadra siku hizi kongamano la Kiswahili kumalizika bila wito wa kuanzisha kituo cha insia za kidijitali, yaani mahali pa kuhifadhi na kuchunguza lugha, fasihi na historia kwa tarakilishi. Wito huo ni mwema. Kasoro yake ni kwamba aghalabu huanza na majengo na kuishia kwa mfadhili.

Mwaka jana, nikitafuta data ya tasnifu, nilifunguliwa kabati la idara moja. Ndani mlijaa kanda za kaseti: ngano na nyimbo za arusi zilizorekodiwa nyanjani na wanafunzi waliotutangulia. Nyingi hazikuwa na jina la msimulizi, mahali wala tarehe. Mbili nilizozijaribu zilitoa mkwaruzo mtupu. Huenda wasimulizi wale wamekwisha kutangulia mbele ya haki, na sauti walizotuachia tumezizika sisi wasomi. Wahenga hawakukosea: mali bila daftari huisha bila habari.

Kuanza si kazi kubwa. Yahitajika redio ya kaseti, tarakilishi moja na orodha inayoonyesha nani alisimulia, wapi, lini, kwa lahaja ipi, na iwapo aliridhia sauti yake itumiwe.

Kudumu ndiko kugumu. Katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, Profesa Arvi Hurskainen aliasisi kongoo ya Kiswahili ambayo toleo lake la pili lina maneno yapatayo milioni 25. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi, na leo inahifadhiwa katika Benki ya Lugha ya nchi hiyo, asasi ya kudumu.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, mtunzaji mmoja alipwe kutoka bajeti ya chuo, si ya mradi. Pili, kunukuu na kuorodhesha rekodi kuwe sehemu ya kozi ya fasihi simulizi, na kutuzwe alama. Tatu, nakala ziwekwe maktabani, na nyingine zirejeshwe kwa jamii zilikotoka.

Watakuwapo watakaosema idara haina fedha hata za karatasi. Wanasema kweli. Hata hivyo, fedha za mfadhili zina mwisho, na kituo kisicho na mtunzaji hugeuka kabati jingine, tofauti ikiwa bei tu. Wanachama wenzangu, muhula ujao tuombe ufunguo. Kaseti hazitusubiri.