Yeye Alificha Kitabu, Mimi Nilificha Mzigo

Mimi na mume wangu tulinuniana karibu saa nzima kwenye kituo cha mafuta cha malori, njiani kati ya Houston na Galveston, Texas. Kisa? Trela.

Huku Marekani watu wakichoshwa na kazi na bili hufunga trela la kulala nyuma ya gari. Ndani kuna kitanda, nyuma kuna jiko la gesi. Unalipia sehemu ya kuegesha, unalala ukisikiliza mawimbi. Kisiwa cha Galveston kiko kama kilometa 80 tu kutoka Houston, na kwa sisi tuliokulia Tanga, harufu ya bahari ni dawa. Basi mume wangu akaazima trela dogo kwa mfanyakazi mwenzake. Gari letu ni RAV4 ya mwaka 2019, ndugu wa zile mnazopishana nazo Sinza na Mikocheni kila siku.

Jioni kabla ya safari nikamuuliza, “Mume wangu, hili gari litaweza kweli?”

Akacheka. “RAV4 inavuta karibu kilo 1,590. Trela lenyewe kilo 626. Wewe shughulikia chakula tu.”

Nikaona yaishe. Na chakula nikakishughulikia hasa! Wikiendi ile ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, nami nilikuwa nimewaalika marafiki kwa siri watukute ufukweni. Alipokwenda kulala, nikapakia maboksi mawili ya barafu yaliyojaa nyama na soda, mkaa, viti, meza, sufuria kubwa za pilau na jenereta ndogo ya muziki. Vyote nikavisukuma nyuma, upande wa jiko. Nikajaza na tangi la maji.

Asubuhi tukaondoka tukiimba. Tulipoingia barabara kuu, lori refu likatupita kwa kasi. Upepo wake ukalisukuma trela, nalo likaanza kuyumba. Kushoto, kulia, kushoto, na gari letu likawa linalifuata! Mume wangu akakanyaga breki, likazidi. Jamani, nilisali kwa sauti. Kisha akaachia mafuta, akashika usukani umenyooka bila kushindana nalo, mwendo ukapungua wenyewe, likatulia. Tukatoka kwenye barabara kuu bila kusemezana.

Pale kituoni palikuwa na mzani wa malori. Tukalifungua trela likapimwa peke yake. Kilo 880!

Nikachukua kitabu cha gari. Ukurasa wa uzito wa kuvuta ulikuwa tayari umekunjwa pembe. Zile kilo 1,590 ni za RAV4 ya toleo la Adventure. Yetu ni XLE, na mwisho wake ni pauni 1,500, yaani kilo 680. Jina moja, sura karibu moja, uwezo mbalimbali.

“Ulikuwa unajua?” nikamuuliza.

“Nilijua,” akasema huku akitazama chini. “Niliona aibu kukwambia gari letu ni la uwezo mdogo. Nikajipa moyo kwamba 626 haijafika 680.”

Nikafungua mdomo nimpashe. Hapo naye akafungua mlango wa nyuma wa trela. “Na hii jenereta, mke wangu, ni ya nini?”

Ikabidi niseme yote. Sapraizi ikaishia palepale, kati ya malori, nikiwa nalia.

Tulipopoa ndipo tukapiga hesabu pamoja. Zile kilo 626 ni za trela tupu, kama lilivyotoka kiwandani. Lita 75 za maji ni kilo 75. Mtungi wa gesi uliojaa ni kilo 17 hivi. Maana yake maji na gesi peke yake vilishatupitisha kilo 680, kabla ya sufuria yangu hata moja. Na kosa langu la pili lilikuwa kurundika mzigo nyuma. Trela linatakiwa kukandamiza kile chuma cha kuvutia kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake wote. Nyuma kukizidi, mbele kunanyanyuka, na trela linapata uhuru wa kucheza.

Tatizo halikuwa injini, maana ilivuta bila kulalamika. Ndiyo inayowadanganya wengi. Kuvuta ni jambo moja, kusimamisha na kudhibiti ni jambo jingine.

Kilichofuata kilimgharimu mume wangu kuliko pesa. Alimpigia simu mdogo wake mwenye pikapu kubwa, yule ambaye siku zote yeye ndiye humpa ushauri wa magari. Shemeji akaja, akalivuta trela, wala hakutucheka. Sisi tukafuata nyuma na RAV4 yetu, mikono tumeshikana. Pilau ililiwa Galveston usiku ule.

Sasa wewe uliyeko nyumbani unayevuta boti au trela la jenereta la harusi, usiseme haya ni ya Marekani. Soma kitabu cha gari lako lenyewe, si la jirani. Pima trela likiwa limeshapakiwa, si tupu. Vizito viweke chini, karibu na tairi, vikielemea mbele kidogo. Punguza mwendo. Likiyumba, achia mafuta, usikurupukie breki.

Na usiku kabla ya safari, kaeni wawili muulizane: umebeba nini ambacho sijui? Mume wangu alificha kitabu kwa aibu, mimi nilificha mzigo kwa mapenzi. Barabara haikujali nani alikuwa na nia njema.

Mpendane, na mwambiane ukweli!